Jembe Lililosubiri Mvua

Koleo lilianguka kutoka juu ya nguzo ya simu, likatumbukia katika beseni la maandazi ya Fidelia, na ndivyo mapenzi haya yalivyoanza. Msicheke. Wapo walioanza kwa mambo ya kijinga zaidi na leo wana wajukuu.

Ilikuwa Makambako, pale njia panda, siku ya gulio. Malori ya Mbeya yalikuwa yamesimama kupoza injini, ya Songea yanapakia abiria juu ya magunia, na matope mekundu yanamrukia kila mtu bila kuuliza cheo chake. Fidelia alikuwa mbele ya hoteli ya shangazi yake Oktavia, kibanda cha mabati chenye chai nzito na moshi mwingi. Alivaa gauni la maua ya njano alilolishona mwenyewe, na juu yake sweta ya kijani aliyoifuma shuleni kwa masista, maana baridi ya kule haina adabu.

"Dada, samahani," sauti ikasema kutoka juu. "Nishikie koleo langu."

Fidelia akainua macho. Aliona buti, kisha soksi ndefu, kisha kaptula ya kaki iliyopigwa pasi vizuri, na mwisho uso wa kijana anayejaribu kutotabasamu.

"Koleo gani?"

"Hilo lililo ndani ya beseni."

"Hili ni andazi."

"Andazi lenye vipini viwili?"

"Ndiyo. Ukilitaka, shuka ulinunue."

Kijana akashuka. Aliitwa Laurenti, fundi simu, Mpangwa wa upande wa Liganga, na hayo yote aliyasema kabla hajaulizwa. Akaongeza kwamba babu yake alikuwa mhunzi mwenye sifa.

"Mhunzi?" Fidelia akampa koleo, limeng'aa mafuta. "Basi angekufundisha kushika chuma kisikuponyoke."

Laurenti alikula maandazi siku ile mpaka msimamizi wake akamfuata kwa miguu. Baada ya hapo, laini ya simu ya Makambako ikapata kasoro. Mimi sijapata kusikia laini yenye kasoro nyingi kama ile ya mwaka wa hamsini na tatu. Leo waya umelegea, kesho kile kikombe cha kauri kinachoshika waya juu ya nguzo kimepasuka, na kila kasoro ilikuwa hatua chache kutoka hoteli ya Oktavia. Akiwa kazini Njombe mjini, alipiga simu dukani kwa Bwana Kanji, mwenye simu pekee pale njia panda, akaomba aitiwe Fidelia.

"Haloo. Haya ni majaribio ya laini."

"Majaribio ulifanya asubuhi," Fidelia alimjibu kwa sauti ya chini. "Bwana Kanji ananitazama."

"Mwambie sauti yako inapimwa."

"Imekwisha pimwa. Ina hasira."

"Mbona mimi naisikia tamu?"

"Ndiyo hiyo kasoro ya laini, mpenzi. Ishughulikie." Akakata, akatoka dukani akiwa ameuma kona ya kitambaa chake ili Kanji asimwone anacheka.

Walipendana. Nisizunguke. Laurenti akatafuta mshenga, na kutoka kwao Liganga akaagiza jembe, si la dukani, bali lile la chuma cha mlimani lililofuliwa na babu yake, zito, jeusi, na alama za nyundo bado zinaonekana. Mshenga akalipeleka kwa baba yake Fidelia, Mzee Tarsis, aliyekaa kilimani nje kidogo ya mji wa Njombe, mtu wa maneno machache na mianzi mingi ya kugema ulanzi, pombe ya kule. Mzee akalipokea kwa mikono miwili, akaligonga kwa kucha, likalia vizuri. Akalisimamisha nyuma ya mlango.

Sasa hapo ndipo shida ilipojificha. Ukoo wa Laurenti ulihesabu kwamba jembe likipokelewa, posa imekwisha, kilichobaki ni padri. Nyumba ya Mzee Tarsis ilikuwa na utaratibu mwingine. Jembe la mchumba lilisimama nyuma ya mlango likingoja mvua za kwanza. Mvua zikinyesha, mchumba alikuja mwenyewe, akalitoa kwa mkono wake, akamlimia mkwewe shamba. Asipokuja, maana yake amebadili nia, na jembe hutolewa nje arudishiwe. Mzee hakueleza, kwa kuwa kwake ilikuwa sawa na kueleza kwamba mlango unafunguliwa kwa ndani. Fidelia alisema mara moja tu, kwa mzaha, "Mvua zikinyesha utakuja kulima na hizo soksi zako." Laurenti akacheka. Alidhani ni mzaha mtupu.

Mwezi wa saba akaitwa Dar es Salaam kwenye kozi ya ufundi, mpaka karibu na Krismasi. Waliagana stendi ya malori Njombe, baridi ikiwang'ata masikio, naye Laurenti akaona huo ndio wakati wa kuonyesha kwamba alisoma. Akamweleza Fidelia neno alilofundishwa na mwalimu wake wa Kiingereza: kwamba Waingereza huamini wapendanao wakitenganishwa, mapenzi yao hayapungui, yanazidi.

Fidelia akafikiri. "Hao Waingereza, wake zao wako wapi?"

"Wengine wako kwao Ulaya."

"Ndiyo maana wanapiga kelele hivyo maofisini." Akamfunga kifungo cha koti. "Laurenti, mimi si Mwingereza. Mimi nikipenda mtu nataka nimsikie."

"Utanisikia."

"Sema tena."

"Utanisikia, Fide. Mimi ni mtu wa simu."

Lori likaondoka. Na mtu wa simu, ule mwezi wa kwanza wa kozi, kweli alipiga. Halafu siku moja laini ikawa mbaya, Bwana Kanji alikuwa na wateja wengi, na Fidelia akajibu kwa mkato kwa sababu maandazi yalikuwa yanaungua. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini Laurenti alirudi bwenini amenuna, na wenzake wakamshauri amnyamazie kidogo, ajue thamani yake. Ndipo lile neno la Kiingereza likamrudia kichwani, na safari hii akalifanya dawa. Kama kuwa mbali kunazidisha mapenzi, akawaza, basi kunyamaza kabisa kutayafanya yafurike. Likizo fupi ya mwezi wa kumi wenzake wakaenda makwao, yeye akabaki makusudi.

Msidhani hakuteseka. Kazi yake ya mafunzo ilikuwa kuunganisha sauti za watu: huyu wa Tanga na yule wa Mwanza, mume na mke, mfanyabiashara na karani wake. Mara nyingi mkono wake ulishika waya wa kuelekea Iringa, ambako ndiko simu za Makambako zilikopitia, kisha akauachia. Alimpenda Fidelia mpaka akakonda. Alifurahi hata kukonda, akiamini kule milimani naye anakonda vivyo hivyo, na siku wakionana itakuwa raha isiyo kifani. Ujinga ukimwingia msomi hautoki kwa urahisi, maana anao ushahidi.

Kule Makambako, Fidelia alikuwa anakwenda dukani kwa Kanji kila jioni. Hakutaka kuuliza kuhusu simu, kwa hiyo alinunua chumvi.

"Dada," Kanji alimwambia hatimaye, akiwa amejifunika shali lake, "ile chumvi ya juzi imekwisha?"

"Imekwisha."

"Nyumba yenu inakula chumvi sana." Akafuta kaunta iliyokuwa safi tayari. "Simu haikulia leo. Mimi nilikaa hapa hapa."

Fidelia akashukuru, akachukua chumvi yake. Alianza kwa kuogopa kwamba Laurenti anaumwa. Halafu mwenzake wa kazini alipita kwenye nguzo, akasema Laurenti mzima, tena likizo aliipata, ila hakutaka kuja. Alisema hivyo huku anatafuna andazi, bila nia mbaya. Fidelia akaingia ndani ya kibanda, akakaa kwenye gunia la mkaa na gauni lake la njano, akalia mpaka kwikwi. Tangu siku ile hakununua chumvi tena.

Mwezi wa kumi na moja mvua ikanyesha, nzito, ya kulowesha mpaka chini. Mzee Tarsis akamwita binti yake nyumbani. Wakakaa jikoni, moto katikati, na jembe nyuma ya mlango.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene, baba."

"Mvua hiyo."

"Nimeiona, baba."

"Mwenye jembe?"

Fidelia akatazama moto. Mzee akasema kwamba Filbert, mtoto wa jirani, dereva wa lori la magome ya miwati, ile miti ya dawa ya ngozi, ameuliza mara mbili kama nyuma ya mlango kuna nafasi. Ni kijana mzuri, haruki Misa, na mama yake anamjua Fidelia tangu akiwa mgongoni. Jumamosi atakuja na wenzake kulima. "Mimi sikufukuzi," mzee akasema, "wala sikuuzi. Lakini binti yangu hatakaa kama mzigo uliosahaulika stendi. Jumamosi, kama huyo Mpangwa hajafika, jembe lake utalitoa wewe mwenyewe. Umenisikia?"

"Nimesikia, baba." Na aliposikia, aliona afadhali. Hasira ilikuwa imemchosha, naye alitaka kitu chochote kiishe.

Shangazi Oktavia ndiye aliyekataa. Alikwenda kwa Kanji Jumanne asubuhi na aproni yake ya unga, akaomba simu ya Dar es Salaam, akangoja kwenye kiti kama mgonjwa. Laini ilipopatikana alishika kile chombo kwa mikono miwili.

"Laurenti, mvua imenyesha."

"Ah, shangazi! Vizuri sana. Mahindi yatastawi."

"Laurenti. Nasema mvua imenyesha."

"Nimekusikia, shangazi. Hata huku kuna mawingu."

Oktavia akafumba macho. "Wewe mtoto, kwenu hamna akili au hamna mashamba? Jembe lako liko nyuma ya mlango na mvua imenyesha. Mwenye jembe anatakiwa shambani. Jumamosi Filbert analima badala yako, na akishalima, anaoa. Sasa umeelewa mawingu?"

Waya ulikwaruza. Kisha sauti ikaja, ndogo. "Lakini lilipokelewa. Mzee alilipokea kwa mikono miwili."

"Alilipokea ulilimie. Ulidhani ni pambo?"

"Fide anasemaje?"

"Fide hasemi. Ulimnyamazia, amejifunza. Nami sitamwambia kwamba nimekupigia, maana usipofika nitakuwa nimemuua mara mbili." Akarudisha chombo mahali pake, na Kanji akakataa kumtoza.

Mkufunzi wa Laurenti, Mzungu mmoja asiyependa hadithi ndefu, alimpa wiki moja. Ikizidi, nafasi yake ya kozi inakwenda kwa mwingine. Laurenti akapanda treni jioni ile ile mpaka Dodoma, kutoka Dodoma akapanda basi la Iringa, na njia nzima alisimama hata palipokuwa na kiti. Iringa akapata lori la Makambako, nalo likazama matopeni. Abiria wakasukuma, yeye akasukuma kuliko wote, akaanguka kifudifudi, soksi zile ndefu zikaisha kazi. Lori likatoka likiwa limechelewa nusu siku. Alfajiri ya Jumamosi alikuwa Makambako, hana sauti, akibembeleza lori tupu linalorudi Njombe kuchukua magome. Oktavia alimwona kwa mbali akipanda nyuma. Hakumwita. Alifanya ishara ya msalaba, akarudi kwenye karai lake.

Kilimani, Filbert na vijana wake walikuwa wamekwisha anza. Walilima kwa mstari mmoja, wanainama pamoja na kuinuka pamoja, shati la Filbert jeupe kwa sababu alitaka kuonekana, na ni haki yake. Mzee Tarsis alikaa barazani na kabuti lake la zamani. Manyunyu yalikuwa yanaanguka.

Fidelia alisimama mlangoni muda mrefu. Alikuwa amevaa gauni la njano. Mwenyewe hakujua kwa nini alilichagua hilo. Kisha akaingia, akashika jembe la Liganga, akashangaa jinsi lilivyo zito, akalitoa nje na kuliegemeza kwenye kuni, mvuani. Baba yake aliona. Fidelia akarudi ndani, akaketi, akajiambia kwamba yamekwisha.

Halikuwa limekaa sana pale kwenye kuni Laurenti alipotokea njiani, anakimbia na kuchechemea, matope mpaka kwenye nyusi. Mbwa akambwekea. Mzee Tarsis akainuka taratibu.

"Kamwene, mzee."

"Kamwene. Umechelewa. Jembe limetoka."

Laurenti akalitazama. Babu yake alilifua akiwa karibu haoni tena, kwa kupapasa, na sasa maji yalikuwa yanachuruzika juu yake. "Nani amelitoa?"

"Mwenyewe."

"Basi mwenyewe ndiye aniambie niondoke. Akisema, naondoka."

Mzee akageukia mlango. "Fidelia. Kuna mtu."

Akatoka. Alipomwona hakushtuka wala hakulia, na hilo lilimtisha Laurenti kuliko kilio. "Umekuja na nani?" akauliza. "Na Waingereza wako?"

"Fide, nisikilize. Nilinyamaza kwa sababu nilikupenda. Nilidhani nikinyamaza..."

"Kule ulinikumbuka?"

"Kila siku. Naapa kwa Bikira Maria, kila siku. Mapenzi yalizidi mpaka nikashindwa kula."

"Yalizidi." Fidelia akatikisa kichwa. "Na mimi ningejuaje? Wewe ulikaa na waya mkononi, Laurenti. Watu wote wa nchi hii uliwaunganisha, mimi ukaniacha. Hayo mapenzi yako yalikuwa yananenepa huko kwako peke yako. Huku nilikuwa nanunua chumvi."

Hakuelewa habari ya chumvi, ila alielewa kwamba ni jambo kubwa. Maneno yote aliyoyapanga kwenye treni aliyaona ya kitoto. "Nilikosa," akasema. "Sikukosa kidogo."

Shambani mstari ulikuwa umesimama. Filbert ameegemea mpini wake, anatazama, na wenzake wanatazama kando kwa ajili yake.

"Sitaki kuambiwa," Fidelia akasema. "Baba hakupokea maneno. Alipokea jembe."

Laurenti akalichukua kwenye kuni. Akavua viatu, akaenda upande wa chini wa shamba ambako hakuna aliyegusa, akaanza. Nani alimdanganya kwamba mtu wa kupanda nguzo anajua kulima? Alilima vibaya, jembe likamzidi, matuta yakaenda upande, vijana wa Filbert wakakohoa kuficha vicheko. Mikono ikachubuka, damu ikashuka kwenye mpini. Hakuacha. Manyunyu yakawa mvua, naye hakuacha.

Mzee Tarsis akamletea binti yake kibuyu cha mtogwa, ulanzi wa asubuhi ile, bado mtamu, haujashika ukali. "Watu wana kiu," akasema, akarudi kukaa. Kila aliyekuwa pale alijua kwamba yule atakayenyweshwa kwanza ndiye mwenye shamba.

Fidelia akashuka na kibuyu kifuani. Akafika kwa Filbert, akasimama. Filbert akamtazama usoni, maskini mtu wa watu, na alichokiona pale hakikuhitaji kuelezwa.

"Nisamehe, kaka Filbert."

"Mimi nililima udongo mzuri," Filbert akasema polepole. "Hasara sina." Alikuwa nayo, na ilikuwa kubwa. Akawaashiria wenzake, wakabeba majembe yao begani, wakaondoka kwa mstari kama walivyokuja. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Fidelia akashuka mpaka chini kabisa. Laurenti alikuwa ameinama, anahema. Hakumpa kibuyu. Alikiweka chini, akachukua mikono yake, akaisogeza kwenye mpini, huu juu, huu chini.

"Hivi," akasema. "Usipigane nalo." Ndipo machozi yalipomtoka, akayaacha yateremke na mvua. "Ukininyamazia tena nitakufa, Laurenti, na wewe utakuwa huko unafurahi unakonda."

"Sitanyamaza."

"Sema tena."

"Sitanyamaza, Fide."

Akamwinulia kibuyu, akanywa. Kule barazani Mzee Tarsis akawasha kiko chake.

Jumapili jioni Laurenti alikuwa kwenye lori tena, vitambaa mikononi, maana ile wiki ya Mzungu haikuwa na huruma. Kozi ilikuwa bado. Mzee alikuwa amempa baraka, na padri amekubali kutangaza ndoa baada ya Krismasi. Safari hii, stendi ya Njombe, hakuna aliyetaja Waingereza; walitaja Jumamosi tu, saa za mchana, dukani kwa Kanji.

Jumamosi iliyofuata Fidelia alikaa dukani kwa Bwana Kanji tangu asubuhi. Hakununua kitu. Wateja waliingia, wakatoka, kaunta ikafutwa na kufutwa tena. Saa za mchana zikafika, zikaanza kupita, naye akaanza kukunja pindo la sweta yake na kulikunjua. Kanji akajifanya anapanga vibiriti.

Simu ikalia.

Kanji hakuigusa. Fidelia aliiacha ilie kidogo, ili moyo wake ushuke kifuani, kisha akainua.

"Haloo."

"Ni mimi," Laurenti akasema, mbali sana, waya unakwaruza. "Mvua imenyesha huko?"

"Imenyesha."

"Na jembe langu? Liko nje au liko nyuma ya mlango?"

"Liko nyuma ya mlango." Akageuka ukutani ili Kanji asione uso wake. "Baba aliniambia nilioshe. Nimekataa. Udongo wako ungalipo."